Msimu wa Kamba Isiyopindwa

Machi 2

Leo nimechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Chama cha Taifa cha Softiboli ya Ridhaa, na wakati kura zinapigwa sikuwemo ukumbini. Nilikuwa nje kwenye ngazi, namrekebishia mjumbe wa klabu ya hospitali meno yake ya bandia, yaliyopasuka alipokuwa akiicheka hotuba ya mwenyekiti anayeondoka. Kazi yangu ndiyo hiyo, kutengeneza meno ya watu, na gundi yake hainitoki mfukoni. Niliporudi ndani nikakuta watu wamesimama wananipigia makofi. Nikadhani ni kwa ajili ya yale meno. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Ahsanteni, ni kazi ndogo tu." Wakacheka, wakaiandika kwenye kumbukumbu kuwa ndiyo hotuba yangu ya kukubali.

Mke wangu alikuwa mdakaji wa timu ya taifa, na mpaka leo vidole vyake viwili havikunjiki vizuri. Nilipofika nyumbani akaniuliza kama najua softiboli inachezwaje. Nikamwambia nimeitazama kwa miaka mingi.

"Ulikuwa unanitazama mimi," akasema.

Kweli tupu.

Machi 9

Siku ya Kamba. Sikuwa naijua. Sasa naijua, na kiuno changu kinaijua zaidi.

Ofisi ya chama ni chumba kimoja mwisho wa korido ndefu, ghorofani, juu ya duka la matairi. Kila mwaka kabla ya ligi kuanza, klabu zote nchini lazima zilete kamba zao za kupimia uwanja. Katibu wetu mkuu, mama mmoja karani wa posta ambaye wachezaji wanamwita Bi Kamba (asipokuwepo), anatoa kamba ya chama kwenye foronya yake. Hiyo inaitwa Kamba Mama. Ina umri sawa na chama, ni ya katani, ina uzi mwekundu ulioshonewa mahali pa kuonyesha anaposimama mrushaji. Inatandikwa kwenye sakafu ya korido, inafungwa huku na huku, kisha kamba ya kila klabu inalazwa ubavuni mwake. Iliyovutika inakatwa. Iliyosinyaa inatupwa. Isiyoletwa, klabu yake haichezi.

Klabu ya milimani walikuwa njiani tangu jana. Nahodha wao aliweka kamba chini kwa majivuno.

"Imelegea," Bi Kamba akasema.

"Mama, huo si hata upana wa kidole!"

"Kidole chako urudi nacho. Kamba inabaki hapa mpaka niikate."

Nami Mwenyekiti wa taifa zima nilipewa wadhifa wa kushika ncha. Nimepiga magoti asubuhi nzima, huku wateja wa matairi wakichungulia ngazini kujua tunaabudu nini. Nikamuuliza Katibu kwa upole kama klabu haziwezi kujipimia kwao wenyewe, tukawapunguzia safari. Akanitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyebandika stempu kichwa chini.

Huyu mama nitamweza kweli?

Machi 10

Kiuno. Sina la kuongeza.

Machi 16

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, na shemeji yangu akaja na habari mbaya akiwa na uso wa harusi.

Huyu shemeji, kaka wa mke wangu, ni mwenyekiti wa chama cha besiboli. Wana bendera, wana suti, wana gari lenye nembo mlangoni. Kasubiri nimejaza mdomo ndipo akasema, "Shemeji, kumbe hujasikia? Baraza la Michezo linataka kuviunganisha vyama. Nyinyi mtakuwa kamati ndogo chini yetu. Kamati ya akina mama."

Nikameza bila kutafuna. Akaeleza: mkaguzi wa shirikisho la bara anakuja Aprili kukagua viwanja vya pande zote mbili. Mwezi wa Mei Baraza litasikia ripoti yake na kuamua kama sisi tuna haki ya kuitwa chama cha taifa, au tumalizwe.

"Usiogope, tutawalea," akasema. "Hata chumba tutawapa."

"Chumba tunacho."

"Juu ya matairi!"

"Nyinyi mko nyuma ya bucha."

Mama mkwe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Ni fundi cherehani, amevuka miaka sabini na bado anatunga mara ya kwanza. Akamwambia mwanawe bila kuinua macho, "Kamati ya akina mama tulishawahi kuwa. Wewe ulikuwa unatambaa chini ya hii cherehani."

Ndipo akasimulia, maana mimi historia ya chama ninachokiongoza nilikuwa siijui. Zamani wanawake waliokuwa wakicheza softiboli, wauguzi na wasichana wa kupokea simu, walikuwa chini ya besiboli. Walipewa uwanja wanaume wakishamaliza, kwa sharti la kuwafulia jezi. Jumamosi moja wakafua, wakaanika, wakapiga pasi, wakaenda uwanjani na magongo yao. Wanaume wakacheza mpaka giza likaingia, makusudi. Wanawake hawakugomba. Wiki iliyofuata walizirudisha jezi safi, zimekunjwa vizuri, na mikono yote imeshonwa.

"Walipokuwa wanahangaika kuingiza mikono," mama mkwe akasema, "sisi tulikuwa chumbani kwangu tunaandika katiba."

Shemeji akaangalia saa. Mke wangu akamwongezea chakula bila kuulizwa, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Kula kaka. Mikono si iko wazi?"

Nimecheka, lakini usiku huu sicheki. Wakitumaliza, ligi inakwisha, timu ya taifa tutachaguliwa na wanaume wa besiboli, na wasichana wetu watarudi kungoja jua lizame ndipo wapate uwanja. Na itakuwa imetokea kwenye zamu ya fundi meno.

Machi 23

Mvua. Mechi zote zimeahirishwa. Bi Kamba kanipigia simu kunikumbusha kamba zisinyeshewe.

Machi 24

Mvua. Bi Kamba kapiga tena. Nimemwambia kamba ziko salama kuliko mimi.

Machi 30

Jua limetoka, ligi imefunguliwa. Niliombwa nirushe mpira wa kwanza. Ulibiringika mpaka kwa mpigaji kama chungwa lililoanguka kapuni, naye akauokota akanirudishia mkononi, "Pole, baba."

Kisha akasimama mrushaji mwenyewe, msichana wa kiwanda cha mikate anayeitwa Kombeo. Kwenye softiboli mpira unarushwa mkono ukitokea chini, pajani. Usidhani kwa hiyo ni wa pole. Mkono wake ulizunguka mara moja, nikasikia tu glavu ya mdakaji ikilia. Mke wangu pembeni yangu alikunja ngumi yenye vidole viwili vilivyogoma. "Huyu," akasema, "nisingemdaka bila kulia."

Aprili 13

Mkaguzi amefika. Ni mwanamke mrefu, hana maneno, ana buti za mpira na futi ya chuma. Tulianza na uwanja wetu wa chuo cha ufundi, tulioupalilia na kuupaka chokaa mpaka unang'aa. Shemeji naye alikuja, eti kama mwenyeji.

Mkaguzi akapima kutoka kituo cha nyumbani mpaka kituo cha kwanza. Akaandika. Akapima tena. Akaniomba nishike ncha, wadhifa wangu wa kudumu. Akapima mara ya tatu.

"Imezidi," akasema.

"Kiasi gani?"

Akatandaza kiganja juu ya chokaa, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Akakisogeza, akatandaza tena. Shubiri mbili. Kituo cha pili, shubiri mbili. Pande zote nne ni hivyo hivyo. Na mstari wa mrushaji umezidi shubiri moja. Uwanja wetu ni mkubwa kuliko kanuni za dunia.

Nilimtazama Bi Kamba. Alikaa chini kwenye nyasi mbichi na sketi yake ya kazini, bila kutandika kitu. Katika muda wote niliomfahamu sijamwona akikaa hata kwenye kiti bila kukifuta kwanza.

Shemeji akapiga mluzi wa pole. "Shemeji, jamani. Kile chumba chenu nitakipaka rangi mwenyewe."

Aprili 14

Uwanja wa hospitali. Shubiri mbili. Ninaandika haya kwa aibu, lakini shajara ikidanganywa ina kazi gani?

Mkaguzi alisema atapumzika siku chache kisha aende milimani na kwingineko. Nikaona hapo mwanya. Nikajifungia karakana yangu, nikampigia nahodha wa milimani.

"Sogezeni vigingi vyote vya vituo ndani," nikamwambia. "Shubiri mbili. Leo hii."

"Katibu amesema?"

"Mimi ni Mwenyekiti."

"Tunajua, shikamoo Mwenyekiti. Lakini Katibu amesema?"

"Hajasema, ila ni jambo la dharura."

"Basi vigingi vimelala. Ahsante kwa simu, salamu kwa mama."

Nikampigia nahodha mwingine. Huyu alinisikiliza vizuri, akakubali kila kitu, ndiyo mzee, sawa mzee, kisha akakata akampigia Bi Kamba.

Kabla jua halijapungua Katibu alikuwa mlangoni kwangu. Akaingia, akasimama katikati ya safu zangu za meno, yote yanamchekea, yeye hacheki.

"Kumbe siku hizi vigingi vinasogezwa kwa simu."

Nikaanza kujitetea. Nikasema nataka kukiokoa chama. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwenyekiti, unajua kwa nini nawasumbua waje na kamba?"

"Ili viwanja viwe sahihi."

"Hilo sasa limenishinda," akasema. "Ni ili viwe sawa. Msichana wa milimani akija mjini, akute uwanja ule ule aliouacha kwao. Asishindwe kwa sababu ya ardhi. Kama tumekosea, basi tumekosea wote pamoja. Ukimsogezea mmoja usiku usiku, umewadanganya wengine wote. Hapo hata Baraza likituacha, hatuna chama tena. Tuna ofisi tu."

Nikamwomba radhi. Nikampa kiti. Akakifuta, akakaa. Nikamwandalia chai, tukainywa. Nilikuwa nikimwona mama huyu kero. Leo nimemwona mtu aliyelibeba jambo kubwa mikononi kwa miaka, na sisi tukaona kamba tu.

Aprili 16

Bi Kamba hakulala kwa kuwaza kosa lilitoka wapi. Aliipima Kamba Mama kwa futi ya chuma, na ni yenyewe hasa iliyozidi. Leo tukaibeba kwenye foronya yake mpaka kwa mama mkwe, kwa kuwa ndiye aliyeikata siku zile. Nilimwonya Katibu tusimshtue, ni mtu mzima.

Mama mkwe akaipokea, akaivuta kati ya vidole kama kitambaa, akafika kwenye ncha. Akasimama. Akaenda ncha ya pili. Akatutazama mmoja mmoja.

"Iko wapi pindo?"

"Pindo gani, mama?"

"Pindo! Kamba hii haijapindwa!" Akaikunja ncha kwa ndani, shubiri moja, akaibana kwa kidole. "Hapa inakunjwa hivi, inashonwa, inabaki tundu la kupitisha kigingi. Na huku hivyo hivyo. Mimi ni fundi, nikate kitu bila kuacha cha kupinda? Nilimpa katibu wa kwanza ikiwa bado ncha wazi, nikamwambia amalizie, mimi nakimbilia kujifungua." Akamwelekezea kidole mke wangu, tuliyekuja naye. "Huyu hapa ndiye alikuwa ananihimiza."

Bi Kamba akaipokea ile ncha.

"Yule katibu wa kwanza akafunga kigingi kwenye ncha," Bi Kamba akasema polepole.

"Na aliyemfuata akamwiga," mke wangu akasema.

"Na mimi nikawaiga wote, tena kwa ukali."

Mama mkwe akapiga paja lake. "Miaka yote hiyo! Taifa zima limevaa gauni halijapindwa, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa?"

Bi Kamba akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia, nikatafuta leso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaishika cherehani asianguke, na mama mkwe naye akamfuata, na mke wangu, na mimi nikabaki na leso nikajifuta mwenyewe.

Kwa siku hiyo moja tulicheka. Ila ripoti haijabadilika.

Aprili 17

Mvua. Hakuna aliyepiga simu.

Aprili 19

Milimani, matope mpaka magotini. Wasichana wa kule walikuwa wametandika majani njia nzima ili mgeni asiteleze. Wakamwamkia Mkaguzi kwa pamoja, wakasimama kando ya mstari wamenyooka kama wanangoja kupigwa picha.

Mkaguzi akapima. Shubiri mbili. Akapima mstari wa mrushaji. Shubiri moja. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua nikamwona anatabasamu na futi yake. Nikadhani ananicheka. Huwa nadhani hivyo, na mara nyingi huwa sikosei.

Jioni, tukirudi, tukapita viwanja vya besiboli, gari lao lenye nembo likiwa mbele. Cha kwanza kilipunguka hatua nzima. Cha pili kilizidi. Cha tatu, pande za kulia na kushoto hazikubaliani hata zenyewe, na kituo cha tatu kimeelekea chooni.

"Hiki kilipimwa na mlinzi wa mchana," shemeji akaeleza, jasho linamtoka kwenye suti. "Ana miguu mirefu. Kile kingine ni mlinzi wa usiku."

Mkaguzi akaandika.

Mei 4

Nitaandika kila kitu leo.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Wasichana wetu walikaa nyuma na jezi zao, Kombeo akiwa bado na unga kwenye nywele maana alitokea zamu moja kwa moja. Shemeji alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Mfumo, wadhamini, mwelekeo. Akamalizia kwamba chama kisichojua ukubwa wa uwanja wake hakiwezi kuitwa chama. Watu wakaguna. Nami niliguna, maana ilikuwa hoja nzuri.

Mwenyekiti wa Baraza akamgeukia Mkaguzi. "Ni kweli viwanja vyote vya softiboli vina kasoro?"

"Ni kweli. Vyote."

Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Vina kasoro ile ile," Mkaguzi akaendelea. "Naomba Baraza linielewe. Nimefanya kazi hii katika nchi nyingi. Kila nchi nakuta uwanja mmoja sahihi, kwenye mji mkuu, ambao wametengeneza wakisikia nakuja. Vingine kila mtu na lake. Hapa nimepima mjini, nimepima hospitali, nimepima milimani kwenye matope, nimepima mpaka mpakani. Shubiri mbili, shubiri mbili, shubiri mbili. Hakuna hata kigingi kimoja kilichosogezwa kwa ajili yangu."

Nikatazama viatu vyangu. Bi Kamba, Mungu ambariki, alitazama dari.

"Kuwa sahihi ni rahisi," Mkaguzi akasema. "Unanunua futi. Lakini kuifanya nchi nzima ikubaliane, kila klabu, mwaka baada ya mwaka, bila mshahara na bila askari, hiyo ndiyo kazi ya chama. Wengi wanaoitwa vyama sijaiona kwao. Hawa wanayo. Mliniuliza kama ni chama cha taifa. Ndicho nilichokipima."

Mwenyekiti wa Baraza akauliza kama kuna anayetaka kujibu. Nikasimama, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa na hotuba mfukoni. Nikaitoa. Ilikuwa ni oda ya meno ya mteja, taya la chini. Nikairudisha.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi nilichaguliwa nikiwa nje. Chama hiki nimekikuta na nitakiacha. Mwenye majibu ni Katibu."

Bi Kamba akasimama, akanyoosha sketi. Alisema maneno machache kabisa. "Tumejua kosa lilipo. Tukiambiwa tunaendelea, Jumamosi ijayo kila uwanja nchini utakuwa sahihi, kwa siku moja."

"Kwa siku moja?" Mwenyekiti wa Baraza akashangaa. "Mtawezaje?"

"Tutawaambia."

Ukumbi mzima ukacheka, lakini kwa heshima, kwa sababu kila mtu aliamini.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, ngumi mbili juu. Chama kinabaki. Kinabaki chenyewe, na jina lake, na ligi yake, na wasichana wake.

Kombeo alinikumbatia, nikapata unga suti nzima. Shemeji akaja, akasimama mbele ya Bi Kamba, akajikuna shingo.

"Dada, naweza kuleta kamba?"

"Mna kamba?"

"Hatuna."

"Basi anza na kuinunua," akamwambia. Kisha akalainika. "Ya katani. Usilete nailoni, itakudanganya."

Mei 11

Asubuhi korido yote ilijaa watu waliokaa sakafuni na sindano. Manahodha wenye mabega mapana, wauguzi, mafundi, wapiganaji wa matope ya milimani, kila mmoja na kamba mapajani. Mama mkwe alipita katikati yao akitembelea fimbo.

"Kushona gani huko? Unashona kamba au unaifinya?"

"Mama, sindano imenichoma."

"Nayo imechoka nawe."

Mchana vigingi vikang'olewa na kupigiliwa upya, kwetu hapa na kila mahali, waliobaki kwao wakisogeza shubiri walizoambiwa kwa simu. Simu za Bi Kamba zililia moja baada ya nyingine: milimani tayari, mpakani tayari, hospitali tayari. Alizipokea zote kwa neno moja, "Vizuri," lakini kila mara aligeuka dirishani kwanza.

Jioni tukacheza, timu ya mjini na ya milimani, mbele ya watu ambao sijawahi kuwaona wengi hivyo. Kombeo akarusha wa kwanza. Mpigaji alikuwa bado anajiweka sawa, glavu ikalia. Mwamuzi mwenyewe alichelewa kusema. Msichana akabaki anautafuta mpira hewani kama mtu aliyesahau miwani kichwani.

Kisha wa milimani mmoja akaugonga kweli. Akakimbia kuelekea kituo cha kwanza kama alivyokimbia maisha yake yote, na kituo kikamjia chini ya miguu kabla hajakitegemea. Akakikanyaga, akakipita, akaanguka kifudifudi mbele ya jukwaa letu, akainuka na chokaa puani anauliza, "Nimefika?"

"Umefika!" uwanja mzima ukamjibu.

Ikawa hivyo mpaka jua likazama. Kila aliyekimbia alifika mapema, akashangaa, akaanguka, akainuka akicheka. Na hakuna aliyekuja kutuambia muda wetu wa uwanja umekwisha.